Iondoe, Uone Kinachopotea: Namna ya Kusoma Mbinu za Uandishi katika Hadithi

Mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kukutajia mbinu ishirini za uandishi bila kupumua. Tashbihi, istiara, tashihisi, takriri, taharuki, sadfa, kinaya, kejeli, jazanda. Zote anazo kichwani, pamoja na mifano yake. Muulize sasa: tashbihi hii, kwenye ukurasa huu, imefanya kazi gani? Hapo ndipo anapokuna kichwa. Simlaumu hata kidogo. Amefundishwa kuzitambua mbinu, hakufundishwa kuzihoji.

Ninavyoamini mimi, mbinu haikutiwa hadithini ili ihesabiwe. Mwandishi ameitia kwa sababu kuna jambo ambalo lisingesemeka bila hiyo, au lingesemeka likawa jambo jingine kabisa. Kwa hiyo hatua zote zilizo hapa chini zinazunguka jaribio moja: iondoe mbinu, au ibadilishe, kisha usome tena uone kilichopotea. Kikipotea kitu, umeshaijua kazi yake. Kisipopotea kitu, basi lilikuwa pambo tu, na una haki ya kusema hivyo hata kama kitabu kimeandikwa na mwandishi anayeheshimiwa na wote.

Tutafanyia kazi kisa kifupi nilichokitunga kwa ajili ya mwongozo huu. Kisome polepole.

Bi Mishi aliikunja ile doti ya kanga mara ya tatu, akaitia kikapuni, akaifunika kwa mkate wa sinia. Feri ilikuwa imejaa. Kijana mmoja akampisha penye kivuli.

“Shikamoo, bibi. Waenda arusini?”

“Marahaba, mwanangu. Naam, naenda arusini.”

“Arusi ya mjukuu?”

“Ya mume wangu.”

Meli ya makontena ilikuwa ikiingia Kilindini, feri ikangoja kuipisha. Maji yalitulia kama mtu anayesikiliza. Kijana akatazama viatu vyake mpaka meli ikapita.

Nyumbani kwa bibi arusi, wanawake walikuwa wamekaa mkekani. Bi Mishi akaitoa ile doti, akaikabidhi kwa mikono miwili. Bibi arusi akaikunjua, akalisoma jina la kanga kimoyomoyo, kisha akalisoma kwa sauti: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Chumba kikanyamaza. Shangazi mmoja akapiga kigelegele, peke yake.

Bi Mishi akaukata mkate vipande, akaanza kugawa.

Hatua ya kwanza: soma bila kalamu

Mara ya kwanza usitafute mbinu yoyote. Soma kama unavyomsikiliza jirani akisimulia barazani, halafu iweke karatasi kando ujiulize: ni wapi nilishtuka? Ni wapi nilitaka kujua zaidi? Rudi utie alama hapo tu. Wengi watatia alama kwenye “Ya mume wangu” na kwenye jina la kanga, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu yake. Palipokugusa ndipo mwandishi alipofanya kazi kubwa, na uchambuzi wako uanzie hapo. Ukianza na mstari wa kwanza na kushuka nao mmojammoja, utajaza ukurasa wa majina ya mbinu na hutakuwa na la kusema.

Hatua ya pili: yapange matukio upya

Wahakiki wa Urusi wa miaka ya 1910 na 1920, Viktor Shklovsky akiwa mmoja wao, walitenganisha vitu viwili ambavyo msomaji wa kawaida huviona kuwa kimoja: matukio yenyewe kwa mfuatano wa wakati, na mpangilio ambao msimulizi ametupa matukio hayo. Chukua karatasi, chora mstari katikati. Upande mmoja andika yaliyotokea tangu mwanzo. Upande wa pili andika yalivyosimuliwa.

Kwa kisa chetu, upande wa kwanza utakuwa mrefu zaidi. Mume anaposa. Habari zinamfikia Bi Mishi. Anakwenda Biashara Street mjini Mombasa, anapekua doti moja baada ya nyingine, hatazami sana rangi, anasoma majina. Anachagua. Anapika mkate. Anavuka Likoni. Anakabidhi zawadi. Upande wa pili, hadithi inaanza kanga ikiwa tayari imo mkononi. Zaidi ya nusu ya matukio hayakusimuliwa, na hata lile kubwa kuliko yote, kwamba mume anaoa, tunaambiwa kwa maneno matatu katikati ya maongezi na mtu asiyemjua.

Sasa fanya jaribio. Andika mwanzo mwingine: “Mume wa Bi Mishi alikuwa akioa mke wa pili huko Likoni, naye Bi Mishi aliamua kwenda arusini na zawadi.” Habari imekamilika na haina kosa lolote. Kimepotea nini?

Mshtuko, ndiyo, lakini usiishie hapo. Angalia lile swali la kijana: “Arusi ya mjukuu?” Ulipolisoma mara ya kwanza, hukuliona kuwa swali baya. Nawe ulishaamua kwamba mwanamke anayeamkiwa shikamoo na kuitwa bibi, akienda arusini na mkate wa sinia, basi anakwenda kwa mjukuu au mpwa. Jibu lake lilipokuja, hukumwonea haya kijana peke yake. Ulijionea haya mwenyewe. Mwandishi akikwambia habari mapema, unabaki kumtazama kijana akijikwaa. Akiichelewesha, mnajikwaa pamoja. Kwa hiyo taharuki hapa, ile hamu ya kujua kitakachofuata, haikuwekwa ili usiache kusoma tu. Imewekwa ili dhana yako kuhusu wanawake wazee ifichuliwe, nayo dhana hiyo ni sehemu ya maudhui ya hadithi.

Mbinu rejeshi, yaani kurudi nyuma kwenye yaliyokwisha kutokea, ambayo wengine huiita kisengerenyuma, ipime vivyo hivyo. Tuseme wakati meli inapita, Bi Mishi anakumbuka dukani, anakumbuka jinsi alivyolirudia lile jina mara mbili kabla ya kulipa. Msomaji angejua maandishi ya kanga kabla ya bibi arusi kuyajua. Swali lililokuwa “imeandikwa nini?” lingegeuka kuwa “atalipokeaje?”. Yote mawili ni maswali mazuri, ila kila moja linazaa hadithi yake. Anton Chekhov, mwandishi Mrusi aliyefariki 1904, aliwaonya waandishi wenzake wasitaje bunduki mwanzoni kama haitafyatuliwa baadaye. Kanga iliyokunjwa mara ya tatu katika sentensi ya kwanza inaleta ahadi hiyo hiyo, na msomaji mwenye jicho anaanza kuisubiri tangu hapo.

Hatua ya tatu: uliza nani anaona

Hii ndiyo hatua ninayowaomba wasomaji waipe muda kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayopitwa haraka kuliko zote. Kuandika “mwandishi ametumia nafsi ya tatu” hakutoshi. Msimulizi wa nafsi ya tatu anaweza kuwa maizi, anayejua yaliyomo mioyoni mwa watu wote. Anaweza kumfuata mhusika mmoja tu na kuyajua mawazo yake. Au anaweza kusimama nje, akaona na kusikia tu.

Msimulizi wetu ni wa aina gani? Pekua kisa chote utafute neno moja linalokwambia Bi Mishi anahisi nini. Hulipati. Hakuna “alihuzunika”, hakuna “moyo ulimdunda”. Kuna kukunja, kufunika, kukabidhi, kukata, kugawa. Mikono yake tunaiona kila mahali na moyo wake hatuuoni popote. Kinachovuja ni kidogo mno: “mara ya tatu”. Ondoa maneno hayo matatu, useme tu “aliikunja ile doti ya kanga”, na Bi Mishi anakuwa mwanamke anayefungasha zawadi. Yarudishe, anakuwa mwanamke ambaye mikono yake haikubali kutulia.

Jaribu sasa kuhamisha jicho. Mpe kijana asimulie:

“Nilimpisha yule bibi penye kivuli. Aliponiambia ni arusi ya mumewe, niliomba ile meli ipite upesi. Sikujua alikuwa amebeba nini kikapuni.”

Hadithi imegeuka kuwa ya kijana na aibu yake. Tena inaishia Likoni kwa lazima, maana kijana hakualikwa arusini. Kanga haitakunjuliwa kamwe. Mpe Bi Mishi mwenyewe:

“Usiku ule sikulala. Mkate niliupika kabla ya alfajiri, na kila nilipofunua sinia niliuona uso wa yule binti.”

Hapa tunaupata uchungu, na tunaupata wote kwa mara moja. Lakini tukishajua kwamba ana uchungu, lile jina la kanga linapoteza nguvu, kwa sababu tayari tunajua amelichagua kwa nia gani. Kimya cha chumba kingekuwa kimya cha wale wanawake peke yao. Wewe usingenyamaza nao, maana jibu ungekuwa nalo.

Na mume je? Msikilize:

“Mke wangu mkubwa hakuwa na neno. Alivuka mwenyewe kuleta zawadi, akagawa mkate, kila mtu akafurahi.”

Kila alichokisema kilitokea kweli, na bado unajua kwamba hajui lolote. Huyu ndiye msimulizi asiyeaminika, istilahi iliyoenezwa na mhakiki wa Marekani Wayne Booth mwaka 1961. Msimulizi wa namna hii si lazima awe mwongo. Mara nyingi ni mtu anayesema ukweli wote anaouona, ila anaona kidogo. Ukimpata hadithini, kazi yako ni kukusanya vile vitu anavyovitaja bila kuvielewa: zawadi, mkate, “hakuwa na neno”.

Kutokana na hayo, jihadhari na sentensi “mwandishi anasema”. Anayesema “hakuwa na neno” ni mume. Mwandishi amesimama nyuma yake na huenda hakubaliani naye hata kidogo. Ukiwachanganya, utamtwika mwandishi mawazo ya mhusika aliyemuumba ili ampinge.

Hatua ya nne: zipime tamathali za usemi

“Maji yalitulia kama mtu anayesikiliza.” Kuna neno “kama”, kwa hiyo ni tashbihi. Maji yamepewa sifa ya binadamu, kwa hiyo kuna tashihisi ndani yake. Yataje yote mawili kisha uendelee, maana kubishania jina lipi lishinde ni kupoteza wakati.

Iondoe: “Maji yalitulia.” Tuna hali ya bahari tu. Ibadilishe: “Maji yalitulia kama kioo.” Tuna picha nzuri, iliyozoeleka, na haituambii jambo kuhusu watu waliomo ferini. Rudisha ya kwanza. Ghafla bahari imesikia lile jibu. Kijana ametazama viatu vyake, Bi Mishi hasemi kitu, na mkondo mzima wa Kilindini umekuwa shahidi. Hiyo ndiyo kazi ya tashbihi: imeleta sikio la tatu kwenye maongezi ambayo wawili wale hawawezi kuyaendeleza.

Jazanda, picha inayosimama badala ya jambo jingine, inahitaji subira zaidi, kwa kuwa hukaa katika kifungu kizima au shairi zima. Wasomaji wa Mombasa tuna bahati katika hili, kwa sababu mji wetu umewalea mabingwa wake. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mvita, yaani Mombasa ya kale, aliyefariki 1840, aliishi wakati Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, wanavutana na Seyyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, mvutano uliokwisha kwa utawala wao kuanguka mwaka 1837. Alijibizana na washairi wa Lamu kwa beti, na mafumbo yake yaliwafikia watu wa sokoni na wa ngomeni, kila mmoja akifumbua kadiri ya ajuavyo. Karne moja na zaidi baadaye, Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa mji huu huu, alifungwa kutoka 1969 hadi 1972 kwa waraka uliouliza nchi inaelekea wapi, na akatunga mashairi kwa siri akiwa kifungoni. Unaposoma ushairi uliozaliwa katika hali kama hizo, lifanye lile jaribio kwa uangalifu: ukiiondoa jazanda na kumtaja mtawala kwa jina, kinachopotea huenda ni usalama wa mtunzi. Kuna kingine pia kinachopotea. Msikilizaji aliyefumbua fumbo mwenyewe analichukua kuwa lake, atalitetea na kulirudia. Aliyeambiwa waziwazi anaweza kusahau kabla ya jioni.

Kuhusu tanakali za sauti, nidaa, lakabu, utohozi na jamaa zake, sitakaa sana. Zinaonekana upesi, ndiyo maana majibu mengi yamejaa hizo. Zitaje zikifanya kazi. Zisipofanya, zipite.

Hatua ya tano: kifuate kitu kimoja mpaka mwisho

Ishara huanza ikiwa kitu cha kawaida. Chagua kitu kinachotajwa zaidi ya mara moja, kifuate kila kinapotokea, na uandike kiko mikononi mwa nani na kiko katika hali gani. Kanga yetu imekunjwa, imefunikwa, imetolewa, imekabidhiwa, imekunjuliwa, imesomwa. Ukipanga vitenzi hivyo peke yake, unaona hadithi nzima: jambo lililofichwa kwa adabu linatolewa hadharani kwa adabu ile ile, na anayelitamka kwa kinywa chake ni yule lililomlenga.

Kanga ina pindo, ina mji, yaani sehemu ya katikati, na ina jina. Anayejua Pwani anajua kwamba doti hununuliwa kwa macho na kwa kusoma, na kwamba mwanamke anaweza kupita mbele ya nyumba ya hasimu wake amejifunga ujumbe kiunoni bila kufungua mdomo. Mwandishi anayeitumia hana haja ya kueleza hayo; anategemea ujuzi ambao msomaji amekuja nao. Msomaji wa mbali ataona kitambaa. Wewe umesikia neno. Unapochambua, lete ujuzi huo kwenye jibu lako waziwazi.

Fanya jaribio la kubadilisha. Jina likiwa “Hongera bibi arusi”, chumba hakinyamazi, vigelegele vinapigwa na wote, na hadithi inakufa pale pale. Jina likiwa tusi la wazi la mke mwenza, chumba kitalipuka na Bi Mishi atakuwa mgomvi. Lakini ni methali ambayo kila mtu anaitumia kukaribisha wageni. Mgeni ni nani? Bibi arusi, bila shaka. Mwenyeji ni nani? Ni Bi Mishi, naye amejitaja hivyo mbele ya mashahidi, maana yake nyumba ina mwenyewe. Apone nini? Hapo kuna maradhi ambayo hakuna aliyeyataja. Unaweza kuisoma kuwa ukarimu, unaweza kuisoma kuwa onyo, unaweza kuisoma kuwa kilio. Usichague moja ukazitupa nyingine. Shangazi amechagua ukarimu, akapiga kigelegele, na upweke wa kigelegele chake unatuonyesha kwamba wenzake hawakuwa na hakika. Utata huo ndio maana yenyewe.

Mandhari nayo ni ya kufuatwa. Kwa nini Likoni? Mombasa ni kisiwa, na feri ya Likoni inakata mkondo ule ule ambao meli hupitia kwenda bandarini Kilindini. Meli ikija, feri hungoja. Mhamishie Bi Mishi kwenye teksi, au uiweke arusi Majengo, umbali wa kutembea kwa miguu. Hakuna tena watu wasiojuana waliosimama pamoja bila pa kwenda, hakuna kungoja, na kijana anaweza kulikimbia jibu. Mandhari hapa ndiyo iliyowafungia wawili hawa ndani ya kimya. Mwandishi akitaja mahali, uliza mahali hapo panamlazimisha mhusika kufanya nini.

Hatua ya sita: tenga kinaya na kejeli

Watahiniwa huzichanganya mbili hizi kila mwaka. Kejeli ina mlengwa na ina meno: mtu anamkebehi mwenziwe, na anataka aumie. Kinaya ni pengo kati ya linalosemwa na lililo, au kati ya linalotarajiwa na linalotokea, na si lazima awepo anayemdharau mwingine.

Mke kwenda na zawadi kwenye arusi ya mumewe ni kinaya cha hali. Jina la kanga linaweza kuwa kinaya cha kauli. Je, ni kejeli? Inategemea nia, na msimulizi wetu amekataa kutuonyesha nia. Kwa hiyo jibu la haki ni kusema: ina uwezekano wa kejeli, na uwezekano huo ndio ulionyamazisha chumba.

Kuna kinaya cha tatu, cha kidrama, pale hadhira inapojua asichokijua mhusika. Soma kisa tena tangu mwanzo. Mara hii unajua anakokwenda Bi Mishi, na kijana hajui. Swali “Arusi ya mjukuu?” ambalo mara ya kwanza lilikuwa upole, mara ya pili linakuuma kabla hajalimaliza. Mstari ni ule ule. Kilichobadilika ni ujuzi wako. Ndiyo maana hadithi nzuri isomwe mara mbili, na ndiyo maana katika jibu lako useme ni katika usomaji upi mbinu inafanya kazi.

Hatua ya saba: sikiliza

Soma kwa sauti. Kijana anasema “Waenda arusini?” Mwandikie “Je, unaelekea kwenye sherehe ya harusi?” na umemtoa mjini, amekuwa mtangazaji wa redio. Lugha ya mhusika inatuambia ametoka wapi na amelelewa vipi kabla hatujaambiwa jambo lolote juu yake. Angalia pia urefu wa sentensi. “Chumba kikanyamaza.” Maneno mawili, baada ya sentensi iliyojaa koma. Nafasi ya kupumua iliyokatwa ghafla ni mbinu pia, ingawa orodha za darasani huisahau.

Katika ushairi, umbo hufanya kazi hii kwa ukali zaidi. Huu hapa ubeti, mambo yale yale kwa sauti ya Bi Mishi:

Nimevuka kwa subira, kikapu ki mkononi,
Sikuvuka kwa hasira, wala kwa chuki moyoni,
Sina neno la kukera, ila lililo kangani,
Mgeni njoo nyumbani, mwenyeji wako apone.

Hesabu mizani, yaani silabi: nane na nane kila mshororo. Vina vya kati ni “ra” na vya mwisho ni “ni” katika mishororo mitatu ya kwanza. Kwenye wa nne, “ni” imehamia kati. Wengi hukoma hapo wakiamini wamechambua. Endelea. Tazama mshororo wa tatu. Baada ya mizani nane kuna kituo, na mpaka kwenye kituo hicho msemaji ni mpole kabisa: “Sina neno la kukera.” Tunamwamini, tunapumua, kisha ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, umekwisha, na utao, nusu ya pili, unaingia: “ila lililo kangani.” Upole wote umerudi nyuma. Andika maneno hayo kwa nathari bila kituo, “Sina neno la kukera isipokuwa lile lililo kwenye kanga,” na mtego hauwi mtego tena. Kina kilichohama kwenye mshororo wa mwisho kinafanya kitu cha karibu na hicho: sikio lilizoea kukikuta mwishoni, sasa limekikuta njiani, na ubeti unamalizikia kwenye “apone”, neno lisilo na mwenziwe.

Hatua ya mwisho: liandike jibu

Kwa wanaojiandaa kwa KCSE, mtihani wa kidato cha nne nchini Kenya, karatasi ya fasihi (102/3) huwa na maswali ya dondoo, yaani maneno yaliyonukuliwa kitabuni. Ukiulizwa muktadha, na mara nyingi hupewa alama nne, eleza nani anasema, anamwambia nani, wapi, na kwa sababu gani. Usiuharakishe. Nusu ya uchambuzi wa mbinu umo humo, kwa sababu maneno yale yale yakisemwa na mtu mwingine, au mahali pengine, yanakuwa mbinu nyingine.

Ukifika kwenye mbinu, sentensi zako zifanye mambo matatu bila kutenganishwa kwa vichwa: litaje jina, linukuu neno lenyewe kwa ufupi, useme lisingekuwepo tungekosa nini. Linganisha majibu haya mawili.

“Mwandishi ametumia tashbihi. Kwa mfano, maji yalitulia kama mtu anayesikiliza. Hii inaleta mvuto na kuifanya kazi ivutie.”

“Tashbihi ‘kama mtu anayesikiliza’ inayafanya maji kuwa shahidi wa jibu la Bi Mishi wakati ambapo yeye na kijana wameshindwa kuendelea kuzungumza. Bila hiyo, kimya kingekuwa cha watu wawili. Kwa tashbihi hiyo, kimekuwa cha mahali pote, na msomaji anauhisi uzito wa jibu ambalo hakuna aliyelitolea maoni.”

Jibu la kwanza unaweza kulibandika kwenye tashbihi yoyote ya kitabu chochote. La pili halihami. Kila ukimaliza aya, jaribu kuihamishia kwenye hadithi nyingine. Ikikaa bila shida, irudie.

Sentensi ya mwisho ya kisa sijaigusa makusudi, uifanyie kazi wewe. “Bi Mishi akaukata mkate vipande, akaanza kugawa.” Ifute kwanza, hadithi iishie kwenye kigelegele cha shangazi. Kisha weka nyingine mahali pake: “Bi Mishi akainuka, akaaga.” Kisha nyingine: “Bi Mishi akaukata mkate vipande, wa kwanza akampa bibi arusi.” Andika sentensi mbili kwa kila badiliko, ukieleza ni mwanamke gani tuliyebaki naye.